Kila Mwamba Ngoma Huvutia Kwake: Kuisoma Ngoma Kongwe Isiyo na Jina

(Hotuba kwa watunza makumbusho, wapiga ngoma na wanafunzi wa sanaa, kama ilivyoandikwa baada ya kutolewa ukumbini)

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana, asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliokaa mkekani hapa mbele kwa sababu viti vimekwisha.

Huu hapa mezani ni msondo. Ukiusimamisha unanifika kiunoni. Hauna jina la mtu wala tarehe. Mguuni umefungwa karatasi yenye maneno manne: “Ngoma. Pwani. Fundi hajulikani.” Nimetunza na kukarabati ngoma kongwe kwa miaka 26, na karatasi za namna hii nimezikuta nyingi mno. Kila nikiisoma moja naumia. Siku ngoma hii ilipochukuliwa, fundi wake alikuwa anajulikana. Mtaa mzima ulijua nani aliichonga, nani aliiwamba, na ngozi ilitoka kwa mbuzi wa nani. Aliyeandika karatasi ndiye hakuuliza. Leo nataka tuzungumze namna ya kuuliza upya, na wa kwanza kuulizwa ni ngoma yenyewe.

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kazi. Nilipokuwa mgeni katika shughuli hii, mzee mmoja alituletea ngoma ya babu yake. Nikaitazama ngozi: bado nyeupe, manyoya hayajaisha pembeni, imepigiliwa misumari ya dukani na kuzungushiwa kamba ya nailoni. Nikaandika kitabuni, “Karibu mwaka 1975.” Mzee aliniangalia, hakusema neno, akaenda zake. Miezi michache baadaye ngozi ikapasuka, ikabidi niivue. Chini yake nikakuta mstari wa matundu yaliyozibwa kwa vijiti. Chini ya mstari ule kulikuwa na mwingine, na chini kabisa wa tatu. Matundu ya huu wa tatu hayakutobolewa kwa keekee. Yalichomwa kwa chuma cha moto, na kuta zake zilikuwa bado nyeusi kwa makaa. Mdomo wa ngoma nao ulikuwa umekatwa na kusawazishwa zaidi ya mara moja. Ngoma ile ilikwishavalishwa ngozi nne, na mimi niliandika umri wa ngozi ya mwisho. Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee kumwomba radhi. Akanikaribisha chai, akanieleza mengi ambayo siku ya kwanza sikuwa nimemuuliza.

Tangu siku hiyo kwangu ngozi ni nguo ya ngoma. Inavuliwa, inavalishwa nyingine, na ngoma inaendelea kuishi. Hata kwenye ngoma za kiwandani ni hivyohivyo: ngozi za plastiki ziliingia sokoni katika miaka ya 1950, na kampuni ya Remo ya Marekani ilianzishwa mwaka 1957, lakini ngoma ya mwaka 1900 inaweza kuwa imevishwa plastiki juzi. Nailoni ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Skrubu ya kichwa cha msalaba nayo ni ya miaka hiyohiyo. Ukiviona vitu hivi, umejua kwamba mkono fulani uliigusa ngoma baada ya hapo. Hujajua mzinga, yaani mwili wa mti wa ngoma, ulichongwa lini. Ili skrubu ikupe umri wa mzinga wenyewe, lazima uthibitishe kwamba imekaa kwenye tundu lake la kwanza, mti unaoizunguka haujazibwa wala kutobolewa kabla yake.

Kwa hiyo tuache ngozi, tuingie ndani ya mzinga.

Ngoma nyingi za kuwambwa upande mmoja zina mguu ulio wazi. Ilaze juu ya taulo, chukua tochi ya simu na kioo kidogo, uchungulie taratibu. Nje fundi alilainisha na kung'arisha kwa ajili ya watu. Ndani hakuwa na sababu ya kuficha kitu. Utaona mapigo ya tezo, mafupi na yenye shimo dogo mwanzoni. Utaona njia za patasi. Pengine utaona weusi wa moto uliotumika kulainisha kiini kabla ya kuchimba. Ukikuta mistari iliyonyooka, sambamba, yenye upana mmoja, huo ni msumeno wa injini, na hadithi ya karne mbili imeishia hapo. Tazama pia rangi. Mti mkongwe hubadilika kwa mwendo wa hewa: karibu na mguu panakuwa peusi zaidi, juu chini ya ngozi pamebaki pakavu na peupe zaidi. Ngoma iliyopakwa rangi ili ionekane kongwe huwa na weusi mmoja kila mahali, hata pale ambapo hakuna hewa wala mkono uliopita.

Halafu uliza ni mti gani. Hapa wazee wa kijijini mara nyingi wananishinda kwa kunusa na kukwaruza kidogo tu, na maabara huthibitisha kwa kukata kipande chembamba na kukitazama kwa darubini. Mti unasema mambo mawili. Kwanza, mahali. Warundi wana mti wanaouita umuvugangoma, yaani unaozungumzisha ngoma. Sisi tunauita mringaringa. Pili, wakati. Mfenesi asili yake ni kusini mwa Asia. Mwarobaini vilevile umetoka upande wa India. Mtu akikuambia ngoma yake ya mfenesi kutoka bara ina miaka mia nne, muulize kwa adabu mti huo ulifika kwao lini, na ulikua kwa miaka mingapi hadi ukafaa kuchongwa ngoma.

Matundu ya fukusi nayo yasomeke vizuri. Mdudu anayetoboa ngoma iliyokwisha kuchongwa huacha tundu la duara usoni pa mti. Ukiona mfereji umelala wazi juu ya uso, kama mto uliokauka, ujue patasi ilipita baada ya mdudu. Mti ulikuwa umekwisha kuliwa kabla haujawa ngoma. Ama fundi alitumia nguzo ya zamani, na mafundi wetu walifanya hivyo kwa sababu za kweli kabisa, ama kuna mtu ametafuta gogo bovu ili auze ukongwe. Tazama pia misumari. Chuma kikikaa miaka mingi kwenye mti wenye ukakasi, huacha kivuli cheusi kinachoenea kufuata nyuzi za mti. Msumari wenye kutu nyingi katika mti usio na kivuli umeletwa na kutu yake kutoka kwingine.

Vijana huniuliza, kwa nini tusipeleke tu maabara, wapime kaboni 14, ile ambayo mti huivuta kutoka hewani na ambayo hupungua kadiri miaka inavyopita, tumalize? Swali zuri, na jibu lake linasikitisha kidogo. Kipimo hicho kina nguvu kubwa kwa vitu vya miaka elfu moja au elfu tano. Kwa mti uliokatwa kati ya mwaka 1650 na 1950 kinayumba, kwa sababu kiwango cha kaboni hiyo hewani kilipanda na kushuka, na pia kilivurugwa na moshi wa makaa ya mawe ya viwandani. Jibu linakuja vipandevipande: labda karne ya 17, labda ya 18, labda ya 19. Ngoma zetu nyingi zinaangukia humohumo. Tena fundi akichonga anaondoa tabaka za nje za gogo, kwa hiyo unachopima ni mti wa ndani, uliokua miongo kadhaa kabla ya shoka. Lakini kuna jambo moja kipimo hiki kinalifanya kwa uhakika. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliijaza hewa kaboni 14 hadi ikakaribia mara mbili ya kawaida. Mti uliokua baada ya hapo unabeba alama hiyo. Kwa hiyo maabara haiwezi kukuambia kwa urahisi kama ngoma ni ya mwaka 1780 au 1880, ila inaweza kukuambia waziwazi kwamba ngoma inayouzwa kama ya 1880 mti wake ulikuwa bado unameza mvua mwaka 1970. Kuhesabu pete za mti, kama Wazungu wanavyofanya kwa mbao za fidla, kwetu kuna shida nyingine: miti yetu mingi haiwekei kila mwaka pete inayosomeka.

Ndiyo maana mimi huandika umri kwa mipaka miwili: haitangulii mwaka fulani, haivuki mwaka fulani. Nichukue mfano unaouma. Wapokomo wa Mto Tana, Kenya, walikuwa na ngoma yao takatifu, Ngadji. Maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliichukua mwaka 1902, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, London, ambako imewekwa stoo. Rekodi za kuchukuliwa zipo. Kwa hiyo mpaka wa juu tunao: haivuki 1902. Mpaka wa chini haumo katika rekodi hizo, na hauwezi kutafutwa vizuri bila Wapokomo wenyewe, kwa maana wao ndio wanaokumbuka ilikaa wapi, ililia kwa jambo gani na kwa mfalme yupi. Unguja nako kuna ngoma na siwa, yaani baragumu za kifalme, za Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa. Ukoo huo wa watawala ulikoma mwaka 1873. Huo nao ni mpaka, umetokana na kumbukumbu za watu, na hakuna maabara iliyouleta.

Sasa tuje kwa fundi.

Kwanza unatafuta amefunzwa wapi, na hilo linaonekana katika namna ngozi inavyoshikwa. Ngoma ya Kiganda imevalishwa ngozi ya ng'ombe juu na chini, na kanda za ngozi zinapanda na kushuka kati ya hizo mbili, zimesongamana mpaka mti hauonekani. Lakini ndugu yake mrefu, engalabi, ngozi yake ni ya kenge na imeshikwa kwa vigingi. Ngoma za Burundi zina vigingi vinene vinavyotokeza nje, navyo huitwa amabere, yaani matiti, na tumbo la ngoma huitwa inda, kwa sababu ngoma kwao ni mama. Ngoma za Wamakonde nyingi zina mguu uliochongoka ili uchomekwe ardhini. Ukikuta mguu huo una udongo mwekundu ndani ya nyufa, usiusafishe! Udongo huo ni barua.

Na tazama ilivyochakaa. Muheme za wanawake wa Kigogo zimebanwa kiunoni, na mpigaji huishika katikati ya mapaja. Kiuno cha ngoma iliyopigwa hivyo kwa miaka kinang'aa pande mbili, na mng'ao huo hauigiziki kwa brashi ya viatu. Ngoma iliyoning'inizwa shingoni inalika pale ukanda ulipopita na ubavuni ilipogusa paja. Ukiniletea ngoma iliyochakaa mahali ambapo hakuna mpigaji anayeweza kufika, nitakuuliza imechakazwa na nani.

Hayo yote yanakupa kabila, pwani au bara, shule ya ufundi. Kumpata mtu mmoja ni kazi nyingine. Wahenga walisema, kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Tunaitumia methali hii kwa mtu anayejipendelea, na ni sawa, lakini mimi nawaomba leo muisikie kama maneno ya karakana. Mwamba ngoma huvuta kuelekea pale aliposimama. Ngozi mbichi hunyooka zaidi upande huo, vinyweleo hurefuka, na ikikauka inabaki hivyo. Anayetumia mkono wa kushoto huzungusha kanda kinyume na mwenzake. Kila fundi ana mahali anapoanzia na fundo lake la kumalizia, na wengi hulificha mahali palepale maisha yao yote bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Kuna anayechora mifereji miwili chini ya mdomo, mmoja mzito na mmoja mwembamba. Kuna anayeacha kuta nene kwenye bega la ngoma na kuzipunguza kuelekea mguuni. Ukipima ngoma kumi kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, unaanza kumjua mtu ambaye hujawahi kumwona.

Msondo huu nilioweka mezani una ndugu yake. Nilimkuta katika wilaya nyingine kabisa, nyumbani kwa watu, ukiwekewa ndoo juu yake. Nje hawafanani. Nilipochungulia ndani ya ule wa pili, mwili ulinisisimka: kila pigo la patasi limeacha katikati mstari mwembamba ulioinuka, na kando yake mwingine mfupi zaidi. Patasi ilikuwa na pengo mbili mdomoni, na pengo zilezile ziko humu ndani. Nilipima nafasi kati ya mistari hiyo kwenye ngoma zote mbili, zikalingana. Ngoma mbili, wilaya mbili, patasi moja. Kwenye rekodi sikuandika jina, kwa sababu sina jina. Niliandika “mkono uleule”, nikaunganisha namba zao mbili. Karatasi ya “fundi hajulikani” nimeiacha ifungwe ilipo kama sehemu ya historia ya kitu hiki, lakini kitabuni sasa pana mtu.

Na ngoma zilizotoka ng'ambo? Zipo nyingi kuliko tunavyodhani. Beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ilipoenea pwani tangu mwishoni mwa karne ya 19, vikundi kama Marini na Arinoti vikishindana kwa gwaride na tarumbeta, watu walizitaka ngoma za kijeshi. Kwa hiyo ukikuta darini ngoma ya pipa la shaba, vipete vya mbao vilivyopakwa rangi, kamba na masikio ya ngozi, fikiria bendi ya beni au askari aliyerudi kutoka KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa na desturi ya kubandika karatasi ya jina ndani ya mzinga, mkabala na tundu la hewa, ili uisome kwa kuchungulia. Karatasi ikianguka huacha kivuli: mstatili wa mti mweupe zaidi na mabaki ya gundi. Watunzaji wa Marekani wanaozishughulikia ngoma za vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 huupima mstatili huo, hutazama pia namna misumari ya shaba ilivyopangwa kuzunguka tundu, na kutoka hapo humpata fundi. Mbinu hiyo inafaa hapa pia.

Narudi kwetu. Tukishamaliza kuisoma ngoma, jina liko kwa watu. Buganda wanalijua hili vizuri: ngoma za Kabaka, Mujaguzo, zina mlinzi wake, Kawuula, kutoka ukoo wa Lugave, na ngoma za Kawuugulu ni za ukoo wa Butiko. Ukoo ndio karatasi iliyobandikwa, na inasomwa kwa mdomo. Katika vijiji vyetu vya pwani pia mara nyingi jina la fundi limesahauliwa lakini jina la ngoma linakumbukwa, maana ngoma zilipewa majina kama watoto. Kwa hiyo usimwulize mzee, “Nani alitengeneza?” Muulize, “Hii ilikuwa inaitwaje?” Kisha nyamaza. Peleka picha kubwa iliyochapishwa, usimwonyeshe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kama familia inaruhusu, peleka na sauti. Watafiti wa muziki Hugh Tracey na Klaus Wachsmann walirekodi ngoma nyingi za Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nimemwona mama wa miaka themanini akisikia kanda ya zamani akasema kabla hata wimbo haujaanza, “Hiyo vumi ni ya kwetu.” Alikuwa ameitambua ngoma yao kwa mlio.

Haraka inatubana. Kila mwaka wanaoweza kujibu swali hilo wanapungua, na ninapowaona vijana wakitumia miezi sita kuomba fedha za kipimo cha maabara huku bibi mwenye jibu anakaa mtaa wa tatu kutoka makumbusho, nasikitika kwelikweli. Nendeni kwa bibi kwanza. Maabara itasubiri.

Kabla hamjasogea mezani, mambo mawili ya usalama. Ngozi na manyoya yaliyohifadhiwa makumbusho zamani yalipakwa sumu ya arseniki kuzuia wadudu, na baadaye DDT. Kwa hiyo glovu, na hakuna kunusa kwa karibu wala kugusa uso. Na ukitikisa ngoma ya Kiganda ukasikia kitu kikicheza ndani, usithubutu kuifungua. Kile ni moyo wake, kiliwekwa kwa makusudi kabla ya kuwambwa. Hospitali yenye eksirei itakuonyesha kilichomo bila kukata ukanda hata mmoja.

Ngoma ziko tatu. Msondo mmeshausikia. Ya pili ni chapuo ya watu wa hapahapa, iliyokopeshwa kwetu hadi Ijumaa, na mwenyewe amekaa pale nyuma, kwa hiyo maswali yote ya chapuo yaende kwake. Ya tatu sijawaambia chochote kuihusu, na sitawaambia. Glovu zimo kwenye boksi la bluu, tochi ziko tano. Anzeni na mguu wake, mchungulie juu kuelekea mdomo, na mniambie patasi ilikuwa na pengo ngapi.